Kwa Nini Pole Hujibiwa Asante

Haya, sogeeni karibu, na mwenye kusinzia akalale kwao. Zamani sana, kabla babu wa babu yangu hajaota meno, pole lilikuwa neno la mkosaji peke yake. Umemkanyaga mtu, unasema pole. Umemvunjia chungu, unasema pole. Ukishalisema, basi umekiri. Aliyejikwaa mwenyewe alifuta damu yake kimya, na watu walimpita wakitazama kando. Hawakuwa na roho mbaya, la! Waliogopa tu.

Katika kijiji kimoja aliishi Siwatu, mfinyanzi, na binti yake mmoja. Homa ikamchukua yule binti kwa siku mbili. Watu wakaja, wakazika, wakaketi uani midomo imefungwa. Wakampikia Siwatu uji, wakauweka mbele yake. Hakuugusa. Siku ya nne hakuweza hata kuinua kichwa. Aliona uchungu ule ni wake peke yake duniani, akatamani kumfuata mwanawe.

Jirani yake, Mashavu, alimtazama mpaka uvumilivu ukamwishia. Akapiga magoti, akamshika mkono, akasema mbele ya wote, "Pole, ndugu yangu. Pole sana."

Lo! Ua mzima ukasimama. "Kumbe ni wewe!" Wazee wakamwamuru Mashavu afungashe virago kabla jua halijazama, maana muuaji hakai na watu. Mashavu hakujitetea. Alilia tu, na mkono wa Siwatu hakuuachia.

Siwatu aliyasikia yote. Tangu mazishi ndiyo kwanza asikie mtu akimsemesha, na kifua chake kikapata kupumua. Akajikokota, akakaa.

"Mwacheni. Hakuniulia mtu. Amekuja kulia na mimi." Akamgeukia Mashavu. "Asante, Mashavu. Asante." Kisha akaomba uji.

Wazee wakatazamana kwa aibu. Mkubwa wao, mzee Kibwana, akasogea, akamwambia Siwatu: "Pole, mwanangu." Wakafuata wengine, mmoja mmoja, kijiji kizima, na kila mmoja akajibiwa asante.

Na tangu siku hiyo tunampa pole mgonjwa, aliyejikwaa, hata anayerudi shambani na jembe begani, ingawa hatukumgusa. Naye haulizi umemkosea nini. Anashukuru. Mwaka jana, nilipomzika bibi yenu, niliitikia asante mpaka sauti ikanikauka, na kila aliyenipa pole siku ile namshukuru hadi leo.