Konzi ya Mashavu

Hapo zamani, si zamani sana maana mtungi wenyewe bado upo, Bi Mwanaheri alianza kupoteza nuru ya macho. Nyumba nzima ilikula chungu kimoja, na ufunguo wa ghala aliufunga penye pindo la kanga yake. Akawaambia wake wa wanawe watatu, "Fanyeni kazi niwaone. Mmoja wenu nitampa ufunguo huu."

Sikudhani akapanga vyakula. Kila Ijumaa alitangaza: kesho kunde, keshokutwa muhogo, Jumatatu wali. Akapima kwa kibaba, hadi siku ya soko.

Chausiku akapunguza ghala. Mtama wenye fukusi, nje. Choroko za mwaka juzi, nje. Achari iliyoota ukungu, nje. Akabakiza mchele, unga, kunde, muhogo na chumvi.

Mashavu akapika.

Lakini sahani zikapungua. Watoto waliramba vidole, wakatazamana.

"Kuna mtu anakula kabla yetu," alisema Sikudhani. "Chausiku, mama yako hajambo? Nasikia kanawiri."

"Kanawiri kwa jasho lake, bibie. Kibaba unashika wewe. Hebu toa kidole gumba humo ndani, tuone kitajaa?"

Mashavu alikoroga chungu. Bi Mwanaheri akahamishia mkeka wake mlangoni pa ghala.

Kisha mvua ikanyesha, mto ukabeba daraja. Siku ya soko ikapita bila soko. Mpango wa Sikudhani ukafika mwisho. Katika ghala la Chausiku ikabaki chumvi tu. Watoto wakaanza kulia.

Ndipo Mashavu akavuta mtungi kutoka uvunguni mwa kitanda chake. Ulikuwa umejaa mchele na kunde.

"Kila nilipopika, nilitia konzi moja, ujazo wa kiganja, mtungini humu. Kwetu ndivyo tulivyolelewa."

Wakala mpaka maji yakapungua. Waliposhiba, wakagombana.

"Konzi zile zilitoka kwenye sahani ya mwanangu," alisema Sikudhani. "Mimi nilipima haki ya kila mtu. Mwizi akirudisha, anakuwa mlezi?"

"Mimi nilitupa fukusi," alisema Chausiku. "Nisingewatupa, wangehamia mtungini, mngekula vumbi."

"Na mimi niliwalisha," alisema Mashavu.

"Mbona hukusema, mwanangu?" aliuliza Bi Mwanaheri.

"Ningesema, Mama, wangeniomba tuile akiba siku ileile."

"Na mvua isingenyesha?"

Mashavu akaufunika mtungi.

Bi Mwanaheri amefungua fundo la kanga. Ufunguo uko kiganjani, na mikono mitatu imenyooshwa mbele yake. Macho hayamsaidii tena, anasubiri ninyi mseme.

Basi semeni, ila kwanza kila mtu achungulie uvunguni kwake: ufunguo wa ghala, je, Bi Mwanaheri auweke katika mkono wa nani?