Bakuli la Sultani Harithi

Mji wa Kaderani ulikuwa chini ya Sultani Harithi, mtu mwema lakini mwoga, maana mkewe alikanyagwa na umati sokoni akafariki, na tangu hapo akachukia kila kitu kinachokwenda ovyo. Basi akaisugua pete ya mababu zake, na jini akatokea.

"Labeka, bwana wangu."

"Kila kitu kiende kwa kipimo, na binti yangu Shamsa asipatwe na mshtuko maishani."

"Nimesikia na nimetii."

Na jini akatii barabara, kwani majini hawajui kutii nusu. Wachuuzi wakanadi kwa zamu na kunguru wakaruka kwa safu, na Sultani akalala usingizi mnono. Lakini unga wa mikate ukakataa kuumuka, na Shamsa akaacha kucheka, kisha akaacha kulia, na moyo wake ukadunda kwa kipimo kimoja hata alipopanda ngazi, mwishowe akaanguka kitandani akawa wa kufa.

Ndipo Idarusi, mwoka mikate wa jumba, akapiga goti. "Bwana wangu, maradhi ya bibi ndiyo ya unga wangu. Chachu ni fujo, na fujo umeikataza."

"Ondoa amri zote!" Sultani akamwambia jini, na zote zikaondoka. Mifereji ikafurika, mbuzi wakavamia baraza, unga ukafoka hadi sakafuni, na moyo wa Shamsa ukaenda mbio hata pumzi zikampaa.

Sultani akalia mbele ya watumishi wake bila haya. "Nikishika anakufa, nikiachia anakufa. Nifanyeje?"

"Mimi unga huutia bakulini, bwana wangu, nikaufunika kitambaa, nikatoa mkono. Bakuli huuzuia usimwagike, ndani siingilii."

Sultani akafahamu. Akamwamuru jini ashike kingo tu, za mifereji na za kifua cha mwanawe, na yaliyo ndani ayaache. Shamsa akavuta pumzi ndefu, akamwona mbuzi akitafuna kilemba cha waziri, akacheka hata machozi yakamtoka.

Akaolewa na Idarusi, kwa hiari yake. Na kwa kuwa desturi ya Kaderani ni baba kuulinda unga wa mkate wa harusi, Sultani aliketi kando ya bakuli asubuhi nzima, mkono ukimwasha.

"Baba, usifunue."

"Nachungulia tu, mwanangu."

"Baba."

Akaukalia mkono. Mkate ukatoka umepinda upande, ukawatosha watu wote, na mwenye kupenda na ajifunze hapo pa kuweka mkono wake.