Banjo la Kulinganishia

Fundi mmoja aitwaye Ambakisye alitunza banjo ambalo halikuwa lake wala la mtu mwingine yeyote. Lilikuwa la kijiji. Mafundi wa kwanza wa milima ile walilitengeneza kwa pamoja, wakakubaliana lisiuzwe wala lisipigwe harusini, bali likae kwa fundi mmoja na litumike kulinganishia mengine. Aliyemaliza banjo jipya alilipeleka kwa mtunzaji. Mtunzaji alipiga wimbo mmoja kwenye banjo la zamani, akapiga wimbo uleule kwenye jipya, akasikiliza. Sauti zikikaribiana, alichoma nukta ndogo shingoni mwa lile jipya kwa msumari wa moto, na banjo likaruhusiwa kwenda kwa watu. Zikiachana, fundi alirudi nalo nyumbani. Aliyekataliwa mara tatu mfululizo alikabidhi patasi na kisu chake, akatafuta kazi nyingine. Sheria ilikuwa kali, lakini kwa miaka mingi hakuna aliyeilalamikia, kwa kuwa mabanjo ya kijiji kile yalisikika vizuri na kila mtu alijua sababu.

Yalikuwa mabanjo ya mgongo wazi. Ngozi ya mbuzi iliwambwa upande mmoja wa duara la mbao. Upande wa pili uliachwa bila kitu, ukielekea tumbo la mpigaji, hivi kwamba sauti ilimgonga yeye kabla ya kuwafikia wengine. Kutokana na uwazi huo kulikuwa na desturi nyingine. Nyumba ikifiwa, banjo la nyumba hiyo lilisokomezwa kitambaa mgongoni. Liliweza kupigwa, ila sauti yake haikufika barabarani. Siku ya kuanua matanga, kitambaa kilitolewa.

Mke wa Ambakisye, Tusajigwe, alifariki wakati wa kuchimba viazi, baada ya kuugua siku tisa. Ambakisye alichukua kitambaa ambacho mkewe alizoea kujifunga kiunoni akiwa jikoni, akakikunja mara nne, akakisokomeza katika banjo la kijiji, maana ndilo pekee lililokuwa nyumbani mwake. Matanga yakaanuliwa. Ndugu walifagia uwanja, wakaosha masufuria, wakaaga. Kitambaa kilibaki mahali pake. Mwanzoni Ambakisye alisema moyoni kwamba angekitoa Jumapili. Kisha hakusema tena. Majirani waliona na wakanyamaza, kwa sababu hakuna anayependa kumwambia mwenzake kwamba msiba wake umekwisha.

Fundi wa kwanza kuleta kazi baada ya hapo alikuwa Mwasomola, ambaye tangu ujana wake hakuwahi kukataliwa hata mara moja. Ambakisye alipiga la zamani, akapiga jipya, akalishusha.

“Lina kelele,” alisema.

Mwasomola alicheka, akidhani ni utani wa watu wa rika moja. Alipoona mwenzake hacheki, alilichukua banjo lake akaondoka. Alirudi nalo mara ya pili, na mara ya tatu, akiwa hajabadilisha kitu, kwa kuwa hakuona cha kubadilisha. Mara ya tatu aliacha patasi na kisu juu ya meza, akaenda kuchoma matofali bondeni.

Ni lazima isemwe wazi kwamba Ambakisye hakuwa mwongo, wala hakumwonea mtu wivu. Sikio lake lilikuwa sahihi kama zamani. Alipiga wimbo, akasikia sauti ya chini, iliyofifia, inayoishia palepale ilipoanzia. Akapiga wimbo uleule kwenye banjo jipya, na sauti ikamrukia kama mtu anayeingia bila kubisha hodi. Tofauti ilikuwepo kweli. Aliipima kwa uaminifu, na kwa uaminifu huohuo akakataa.

Mafundi waliobaki walijifunza haraka. Mmoja alitumia ngozi ya ng'ombe. Mwingine aliilegeza ngozi ya mbuzi mpaka ikabonyea chini ya nyuzi. Wa tatu aligandisha kipande cha blanketi ndani ya duara na kukipaka rangi ya mbao. Mabanjo hayo yote yalipata nukta ya moto. Ikawa fundi akitaka kumtania mwenzake humwambia, “Hilo lako bado linasikika! Rudi ukalizibe.” Harusini ilibidi ngoma zinyamaze ili banjo lipate nafasi, na hata hapo watu walisogeza viti. Shangazi mmoja wa bwana harusi aliuliza kwa sauti kubwa kama hilo ni banjo au ni nzi aliyeingia kwenye chupa. Watu walicheka, lakini hakuna aliyecheza. Wazee walisema vijana wa siku hizi ni wavivu wa miguu. Vijana walisema nyimbo zimezeeka. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Katika mwaka wa nne alikuja Subilaga. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyefundishwa kazi na baba yake, na hakuwa na kazi nyingine aliyoijua wala aliyoitaka. Alikuwa ametengeneza banjo moja kwa miezi mitano, akiikwangua ngozi ya mbuzi kwa kipande cha chupa hadi mwanga ukapenya. Ambakisye alilikataa mara mbili. Mafundi wenzake walimwendea, nao walimpenda kwa dhati.

“Dada, liwekee ngozi ya ng'ombe uishi,” walimwambia. “Unataka kuchoma matofali na Mwasomola?”

“Nikiliwekea ngozi ya ng'ombe,” aliwajibu, “nitakuwa nimekwisha kuacha kazi, ila patasi nitabaki nazo.”

Alirudi mara ya tatu asubuhi moja ya manyunyu, banjo begani, kapu mkononi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mama. Umelirekebisha?”

“Sijaligusa.”

“Basi leo unaniachia patasi.”

“Zimo kapuni. Nimezinoa kabisa, asije mtu akasema nilikuletea butu.” Aliliweka kapu sakafuni. “Ila kabla hujapima naomba jambo moja. Lako limefiwa, mzee. Na langu lifiwe kwanza, ndipo uyalinganishe.”

 Ambakisye alikuwa mtu wa vipimo, na aliona kwamba ombi lile lilikuwa la haki. Aliangalia mlango wa jikoni, akafikiria kuchukua tambara jingine, kisha akaona haifai. Tambara jingine lingekuwa zito zaidi au jepesi zaidi, na kipimo kingekuwa kingine. Ukitaka kujua kweli, ilikuwa lazima kitambaa kiwe kilekile.

Aliingiza vidole vyake mgongoni mwa banjo la kijiji, akakivuta. Hakikutoka upesi. Kilikuwa kimeshika umbo la mbao, na kilipotoka kilibaki kimejikunja vilevile hewani, kama bado kingali ndani. Alikinusa bila kujali kama anatazamwa. Kilinuka vumbi, na vumbi tu.

Alikisokomeza katika banjo la Subilaga, akapiga. Sauti ilitoka chini, ikafifia, ikaishia ilipoanzia. Alitikisa kichwa kwa kukubali. Ilikuwa ndiyo hasa, haijazidi wala kupungua.

“Ni lenyewe,” alisema, akaweka msumari kwenye makaa.

Lakini hakuwa mtu wa kuchoma nukta kabla ya kulinganisha mara ya pili. Msumari ukiwa unapata moto, alilichukua lile banjo jingine akaanza wimbo. Sauti ya kwanza ilimpiga tumboni, ikapita dirishani, ikafika barabarani, ambako mtu aliyekuwa akipita na ng'ombe alisimama. Ambakisye aliushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto.

“Hili lina kelele,” alisema, kabla hajatambua ni lipi alilolipakata.

 Subilaga alitazama kapu lake.

Baada ya muda Ambakisye aliuanza tena wimbo, akaupiga mpaka mwisho. Ulikuwa mrefu kuliko alivyoukumbuka. Kisha alikitoa kitambaa katika banjo la Subilaga, akakitia mfukoni mwa koti, akayapiga yote mawili yakiwa wazi, moja baada ya jingine, mara nne. Hatimaye alisema kwamba uzi wa juu wa lile jipya umekazwa kidogo kupita kiasi, na kwamba mengine yote yako sawa. Aliuchukua msumari akachoma nukta. Subilaga alibeba kapu lake na patasi zake, akaenda.

Wiki ileile Ambakisye alishuka bondeni kumrudishia Mwasomola zana zake. Alimkuta akipanga matofali. Alimweleza kila kitu kwa mpangilio, bila kujitetea, kama anavyoeleza mtu aliyekosea hesabu na anataka kuonyesha ni mstari gani. Mwasomola alisikiliza. Alipokea kisu, akajaribu makali yake kwa kidole gumba, akajaribu tena, na ilionekana kwamba kidole kile, kwa ugumu wa udongo na moto, hakikuhisi kitu.

“Asante, mzee mwenzangu,” alisema. Aliziweka zile zana juu ya matofali yaliyopoa, akaendelea kupanga.

Mabanjo yaliyozibwa bado yapo katika milima ile, na hupigwa harusini, kwa kuwa kila moja lina nukta yake shingoni na nukta ya moto haifutiki. Huzuni ya mtu ni haki yake, na hakuna anayestahili kumwekea mwisho. Lakini ni nani aliyeikabidhi huzuni kazi ya kupima kazi za wengine?