Mwanamvua na Ngazi ya Wakfu

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa wakiwasha meko na kupangusa miguu mlangoni kama sisi, paliishi pimbi mmoja katika majabali ya nyika. Jina lake Mwanamvua. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na wanawe walikwisha kuoa na kuolewa. Mwaka wa mafuriko jiwe liliporomoka, gubu! likamvunja mguu wa nyuma. Mfupa uliunga kombo, na tangu siku ile Mwanamvua, mzaliwa wa ukoo wa wapanda majabali, hakuweza kupanda hata kichuguu.

Akili haikuvunjika. Kwa miaka ishirini aliwafundisha watoto wa majirani kusoma, bila cheti wala ubao, akiandika kwa mkaa juu ya mwamba. Ndipo Chuo Kikuu cha Nyika kilipomwandikia: "Umekubaliwa kusomea ualimu. Ada ilipwe kabla masomo hayajaanza." Mstari wa kwanza ulimfurahisha, wa pili ulimkumbusha kwamba hana senti.

Hata hivyo, palikuwa na msaada. Marehemu Bibi Twiga aliacha shamba lake liwe wakfu, mazao yake yawasomeshe waliochelewa kusoma na wenye ulemavu.

"Basi mimi ni hao wote wawili," Mwanamvua akajisemea, akajaza fomu kwa mwandiko wake mzuri.

Wakfu huo ulikuwa mikononi mwa wakubwa watatu: Mzee Tembo mwenyekiti, Nyati katibu, na Kifaru mshika muhuri wa pande mbili, KUBALI na KATAA. Ofisi yao ilikuwa kileleni mwa kilima, juu ya ngazi yenye vipandio arobaini. Chini ya ngazi palibandikwa masharti. Mwombaji aitoe fomu kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya kamati. Kamati iuone ulemavu kwa macho yake. Popote walipo wajumbe wote watatu pamoja na muhuri, hapo ndipo ilipo kamati. Na mwisho wa kupokea fomu ni Ijumaa, kabla ya adhuhuri.

Jumatatu Mwanamvua akasimama chini ya ngazi.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Dirisha likafunguka, kwaa! Pembe za Nyati zikatokeza.

"Nani huyo?"

"Ni mimi Mwanamvua, Bwana Katibu. Nimeleta fomu ya wakfu."

"Panda!"

"Mguu ndio ulionileta, bwana, na mguu huohuo hauwezi kupanda. Nawaomba mshuke."

"Tushuke?" Nyati akacheka hadi kioo kikatetemeka. "Mzee Tembo, njoo usikie makubwa! Pimbi hawezi kupanda! Kesho atakuja samaki atuambie hajui kuogelea!"

"Anaigiza huyo!" Kifaru akanguruma kutoka ndani.

"Sikiliza, bibi," Nyati akasema. "Ukipanda, tutajua huna ulemavu. Usipopanda, hujaomba. Chagua mwenyewe."

Kwaa! Dirisha likafungwa.

Jumanne alimkabidhi fomu Kasuku, tarishi wa ofisi. Haukupita muda, ikarudi imekunjwakunjwa.

"Wamesema, 'Si kwa mkono wake! Peleka huko!'" Kasuku akaeleza kwa sauti ileile ya Nyati, maana yeye hakuwahi kuongeza neno wala kupunguza.

Jumatano Mwanamvua akaamua kupanda. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye kipandio cha nne mguu ulimsaliti, akaporomoka, prrr-pu! Akalala kifudifudi na vumbi kinywani. Huko juu akasikia Nyati akisema, "Lo! Mwenzetu kafuzu kuigiza!"

Alhamisi hakutoka. Binti yake alimkanda mguu kwa maji ya moto, akasema kwa upole, "Mama, waachie wakfu wao. Umri umekwenda. Kaa tukulishe."

Neno hilo lilimuuma kuliko mguu.

"Mtanilisha, mwanangu, nami nitashiba," akajibu. "Lakini nisilolijua nitabaki silijui."

Mchana kutwa akawaza. Angeweza kupeleka habari kwamba shamba la wakfu linaungua, wangeshuka mbio. Akakataa. Hakutaka elimu yake ianze kwa uongo. Mtu hatawadhi kwa maji machafu kisha akatarajia ibada safi. Akajiuliza: wakubwa wale wanapenda nini kuliko raha yao? Akakumbuka vicheko vya dirishani, na jibu likamjia taratibu. Walipenda kumfumania mtu.

Ijumaa asubuhi akaketi chini ya ngazi, mahali peupe, fomu mapajani. Akamwita Kasuku.

"Mwanangu, nifikishie maneno haya kama yalivyo. Waambie: yupo hapa chini yule mnayesema anaigiza. Leo hajajificha, mguu ameunyoosha wazi, kila mtu auone. Mwenye kutaka kumfumania aje mwenyewe, na muhuri wa kumkatalia aje nao."

Kasuku akaruka, purr! akayasema yote.

"Ehee!" Nyati akapiga meza kwato. "Amejisahau! Ameunyoosha mguu hadharani! Twendeni tukamgongee KATAA machoni pa watu, iwe fundisho! Kifaru, beba muhuri!"

"Mzee usipokuwepo, kamati haijatimia," Kifaru akamwambia Tembo.

"Vipandio arobaini, jamani," Tembo akalalama. Lakini hamu ya kuona mwongo anaumbuka ilimwinua kitini.

Wakashuka. Gubu! Gubu! Gubu! Kilima kikatikisika. Magoti ya Tembo yakalia, kwich, kwich. Kwenye kipandio cha kumi na tano akaomba wapumzike. Kwenye cha thelathini Kifaru, asiyeona mbali, akakanyaga hewa. Bingiri bingiri, puuu! Akatua mbele ya Mwanamvua, muhuri bado umo mkononi.

"Pole, Bwana Kifaru," Mwanamvua akasema. "Shikamoo, Mzee Tembo."

"Ma... marahaba," Tembo akahema, akajitupa chini.

"Yuko wapi mwigizaji?" Nyati akafoka. "Onyesha huo mguu!"

"Ndio huu, bwana."

Kifaru akainama, kwa udhaifu wa macho yake, hadi pua ikakaribia kuugusa. Akaona kovu refu, na mfupa uliopinda kama tawi la mkwaju. Tembo naye akatazama.

"Haigizi," Kifaru akasema hatimaye, kwa sauti ndogo.

Mwanamvua akanyoosha mkono wake wenye fomu. "Mzee wangu, mko watatu, na muhuri upo. Mguu mmeuona kwa macho yenu. Fomu hii naitoa kwa mkono wangu. Na adhuhuri haijaingia."

"Umetuhadaa!" Nyati akapiga kelele. "Umetushusha kwa uongo!"

"Neno lipi la uongo, Bwana Katibu? Kasuku yupo, muulize."

Kasuku akayarudia yote.

"Basi turudi juu!" Nyati akasema. "Fomu hupokelewa juu!"

"Wapi pameandikwa juu?" Tembo akauliza. Akajaribu kuinuka, akapanda kipandio kimoja, cha pili. Magoti yakagoma. Akasimama pale kwa muda, mkonga ukiwa umeshika ukingo, akiitazama ngazi kama aliyekuwa hajapata kuiona. Kisha akashuka na kuipokea fomu.

Akaisoma yote, bila haraka.

"Bibi, kwa umri huu, elimu hii itamnufaisha nani?"

"Wapo watoto arobaini na wawili wanaosoma mwambani kwangu, mzee. Nilichojua nimewapa, kimekwisha. Wanasubiri kingine."

Tembo akashusha pumzi. "Kifaru, lete muhuri."

"Upande wa KATAA?" Nyati akauliza.

"Nyati, nyamaza."

Pa! Likasomeka KUBALI, jekundu, bado bichi. Mwanamvua akaupuliza wino, fuu, fuu, machozi yakimlengalenga, akaikunja fomu na kuitia kifuani. Nao wakubwa watatu wakabaki chini ya ngazi, wakishauriana meza ya wakfu ishushwe kwa njia gani.

Basi, wajukuu zangu: mwenye kumtaka mnyonge apande ngazi, kwanza aipande yeye akiwa amechoka.