Sultani Aenda Kumjulia Hali Shangazi

Palikuwa na Sultani Badru wa Mtumbanga, mtu wa huruma kupita kiasi. Aliposikia shangazi yake, Bi Zamzamu, anaumwa huko ng'ambo alikoolewa, alilia mbele ya watu, kisha akafunga safari na wake wawili, wapiga zumari sita na wapambe arubaini. Mgonjwa asije akajiona mpweke.

Waliingia bila hodi. Siku ya kwanza wakamaliza kuku wote. Ya pili wakanywa supu ya mgonjwa, na machungwa yake wakayamenyea palepale kitandani. Tusiwacheke sana, nani kati yetu hajala machungwa ya mgonjwa? Zumari nazo zikalia kutwa, za kumliwaza. Bi Zamzamu, aliyekuwa ameanza kukaa, akarudi kulala chali.

Aliyekuwa akimuuguza ni jirani yake Mize, mjane fukara mwenye ulimi kama wembe. Siku ya tisa Sultani akamwita mbele ya wapambe wote.

"Kesho naondoka. Desturi ni mwenye nyumba kumsindikiza anayeondoka. Shangazi anisindikize kwa miguu hadi bandarini. Asiposimama, nitajua umemuuguza vibaya, na utapanda jahazi langu na pingu mikononi."

"Mtukufu, hata kijiko hakiinui."

"Mwinue wewe. Si ndiyo kazi yako?"

"Nilikuwa nimeshamwinua. Wageni ndio waliomlaza."

"Wageni gani?"

"Wenye zumari, Mtukufu. Anayekwenda kumwona mgonjwa hukaa kidogo, akaaga."

Wapambe wakaguna. Sultani akatoa macho.

"Mimi ndiye mgeni? Mimi, mtoto wa kaka yake? Chunga mdomo wako, mwanamke! Hapa ni kwangu!"

"Kwako hasa?"

"Kwangu hasa!"

"Ndiyo maana hukupiga hodi."

"Mtu hupiga hodi kwake?"

"Hapigi. Na chakula ukala bila kukaribishwa."

"Mtu hukaribishwa kwake?"

"Hakaribishwi, Mtukufu. Wala hasindikizwi."

Mpiga zumari mmoja akakohoa, akajutia kikohozi chake.

"Sawa," akasema Sultani, akijikuna ndevu. "Asinisindikize. Umeridhika?"

"Bado kidogo. Wa nyumbani huuguza kwa zamu, na mimi wa nje nimeshika siku tisa peke yangu. Beseni la haja liko chini ya kitanda, Mtukufu. Limejaa."