Robo Saa ya Kilomita ya Nane

Wapendwa, huko nyanda za juu, kwenye kambi ya wakimbiaji, palikuwa na kijana mmoja mwenye roho ya kwa nini. Kwa nini fulani, kwa nini si mimi? Mnaijua roho hiyo? Msinitazame hivyo, mnaijua.

Pale kambini kila mkimbiaji alivaa saa janja, na jioni wote waliziingiza mbio zao kwenye programu moja ya simu, inayochora kasi ya mtu kwa mstari na njia yake kwa ramani. Ilikuwa ya bure. Aliyeitengeneza aliuacha wazi hata ufundi wake wa ndani, ili yeyote aichukue na kuiboresha. Mtu amewapa watu kitu chema bila hata kuombwa. Sasa oneni mwenzetu alivyokitumia.

Kila jioni, kabla hajatazama mbio zake, alifungua za mwenzake anayelala naye chumba kimoja. Mstari wa mwenzake ulikuwa juu ya wake, na roho ikamuuma kweli kweli, hata ugali haukushuka. Tena kocha alikuwa na nafasi moja tu ya mashindano ya mjini.

Siku moja akagundua jambo. Asubuhi ambazo kila mtu alikimbia peke yake, mstari wa mwenzake ulianguka ghafla kwenye kilomita ya nane, ukalala chini robo saa, kisha ukapanda kwa nguvu mpya. Juzi hivyo, jana hivyo, leo hivyo. Akafurahi! Ndugu zangu, mmewahi kulifurahia kosa la mtu kabla hamjalijua?

Akamwendea kocha, wakimbiaji wote wakiwa kwenye chai.

"Kocha, huyu husimama kilomita ya nane kila mara. Kuna mtu anamdunga dawa za nguvu. Tazama mwenyewe."

"Umeangalia ni wapi?"

"Ramani ya nini, kocha? Mstari umeshasema."

Kocha akafungua ramani yenye picha ya kutoka angani, akaikuza, akamsogezea simu. "Haya, tuambie hapo ni kwa nani."

Akaiona njia ikiacha barabara, ikipita josho la ng'ombe, ikikoma kwenye nyumba yenye miti miwili langoni. Miti ile aliipanda yeye mwenyewe.

"Ni kwa mama," akasema. Alikuwa na miezi mitatu hajafika nyumbani.

Mwenzake akaweka kikombe chini. "Mguu wake haujapona tangu alipoteleza mtoni. Namchotea ndoo mbili tu, kisha naendelea. Alinikataza nisikwambie, eti unajiandaa na mashindano, usisumbuliwe."

Na sisi je? Tunajua jirani kapata nini, kafika wapi, kapanda lini. Tunamchungulia kutwa, na kumbe pale tunapodhani anaiba, anatubebea mzigo wetu.

Naona mmoja pale nyuma anataka kuniuliza: mchungaji, ile nafasi ya mjini aliipata nani? Mnaona? Hata sasa tunataka kujua nani kamshinda nani. Hakuna aliyeuliza kesho yake yule mama alichotewa maji na nani.