Bolti Iliyobaki kwenye Sinia

Hii nimeikuta kwenye grupu la ukoo, katikati ya picha za harusi na tangazo la mbuzi aliyepotea. Kama uko kwenye usukani, egesha kwanza ndipo usome. Kama gari umelitengeneza mwenyewe, egesha mbali kidogo na watu.

Huko Lushoto alikuwepo mzee aitwaye Shemndolwa. Ujanani alikuwa dereva wa mashindano, na alipostaafu alibaki na mke, watoto wawili na gari lake la mbio. Majirani walisema gari ndiye mtoto wa kwanza, maana ndilo pekee lililofunikwa blanketi wakati wa baridi.

Gari lilikuwa jekundu, limezeeka, lakini halikukubali. Likiwashwa, kuku wa mtaa mzima walihama. Fundi hakuligusa. Mzee alilitengeneza mwenyewe uani kila Jumamosi, akiwafundisha wanawe wote wawili tangu walipoweza kunyanyua spana bila kuangukia pua.

Nyumba ile ilikuwa na desturi moja. Aliyelifungua gari na kulifunga ndiye aliyempakia Mama kwanza. Si rafiki, si jirani mwenye kuomba lifti. Mama. Akiteremshwa zile kona za kwenda Mombo na kurudishwa salama, ndipo gari lilihesabiwa kuwa limepona.

Sasa macho ya Mzee yakaanza kufifia. Akawaita wanawe.

"Mimi siku hizi kona naiona tukishaipita," alisema. "Gari hili linataka mtu mmoja, siwezi kuligawa kama nyama ya Idi. Mtanifanyia kazi ileile, kila mmoja kwa Jumamosi yake. Fungua breki za mbele, badilisha pedi, funga. Kila unachokifungua, weka kwenye sinia. Nitakayemwona anafaa, nampa ufunguo."

Mbelwa, mkubwa, alikuwa na mikono ya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Alilitaka lile gari tangu utotoni, na marafiki zake wa Tanga alikwishawaambia ni lake. Zaina, mdogo wake, naye alilitaka vilevile. Alijifunza kutembea akiwa ameshikilia bampa yake.

Mbelwa alitangulia. Alifanya kazi huku anapiga mluzi, na majirani wakaja kutazama kama wamekuja ngomani. Pedi zikaingia, bolti zikakazwa, magurudumu yakarudi.

Akatazama sinia. Bolti moja ilikuwa imebaki.

Akakuna kichwa. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Mama alikwishatoka nje, amevaa kitenge kipya, mkoba begani.

"Tayari, mwanangu?"

"Tayari kabisa, Mama! Ngoja tu ninawe na kubadili shati."

Akaichukua ile bolti, akaitupa migombani, akaingia kuoga.

Wakateremka Mombo, wakapanda. Mama alishuka akisema breki zimekuwa laini kama mto. Watu wakapiga makofi. Mbelwa akainama kuwashukuru kama bwana harusi.

Jumamosi iliyofuata ikawa zamu ya Zaina. Alifanya kazi polepole, kiasi kwamba watazamaji wengine walikwenda kula wakarudi. Hatimaye alikaza gurudumu la mwisho, akatazama sinia.

Bolti moja ilikuwa imebaki.

Zaina akaipindua mkononi. Akakaa chini. Akainuka, akapiga jeki, akaanza kufungua upya.

"Wee Zaina!" Mbelwa alipaza sauti kutoka barazani. "Unatengeneza gari au unasuka mkeka?"

"Kuna bolti imebaki, kaka."

"Zinabakigi! Gari la zamani hilo, waliliwekea za akiba. Funga twende!"

Watu wakaangua kicheko. Zaina akafungua, akakagua kila tundu, akaona kila tundu lina bolti yake. Akafunga. Bolti ikabaki. Akafungua tena.

Jua likaanza kushuka. Mama akasimama uani na mkoba wake.

"Zaina, nimevaa tangu saa ngapi? Shoga zangu wananisubiri."

"Nisamehe, Mama. Leo hupandi."

"Sipandi? Umeshindwa?"

Zaina alikuwa na grisi mpaka kwenye nyusi, na machozi yalikuwa karibu. Alijua anachokipoteza.

"Hii bolti siijui ilikotoka," alisema. "Nimetafuta sijapaona pake. Mpaka nipajue, wewe hupandi. Kama ni ufunguo, basi Baba ampe kaka."

Akaliacha gari juu ya stendi, magurudumu yakiwa yameegemezwa ukutani. Mbelwa akawa tayari amesimama, mkono mbele, anasubiri ufunguo.

Mzee Shemndolwa akapita mbele ya ule mkono kama vile hakuuona. Akamwendea Zaina, akamwekea ufunguo kwenye kiganja chenye grisi.

"Baba!" Mbelwa akaruka. "Macho yako yameharibika kweli! Gari liko juu ya stendi! Mimi nilifunga, nikaendesha, Mama akarudi mzima!"

"Kweli kabisa," Mzee alisema. "Na bolti yako iliyobaki iko wapi?"

Mbelwa akatazama migombani, kisha akajidai anatazama mawingu.

"Ile haikuwa na kazi."

"Kweli tena. Haikuwa na kazi kwenye gari. Ni ya kitanda."

"Kitanda gani?" Mama aliuliza.

"Chetu. Nilifungua mbili, moja ya kila mtoto. Nilizipaka grisi zifanane na nyingine, nikazidondosha kwenye sinia."

"Baba Mbelwa! Kumbe ndiyo maana wiki nzima nalala naserereka kama niko kwenye zile kona?"

Uani hapakubaki mwenye mbavu. Hata Mbelwa alicheka, kisha akakumbuka shida yake.

"Basi Baba, si unaona? Breki nilizifunga sawasawa. Nilikuwa sahihi!"

"Ulikuwa sahihi," Mzee alisema taratibu. "Ulipokuwa unaoga nilikagua kila bolti kwa mkono, maana mkono wangu bado unaona. Kama pangekuwa na kosa, mama yenu asingetoka hapa. Mimi nilijua breki ni nzima. Wewe, ulipomfungulia mama yako mlango akaingia, ulikuwa unajua?"

Mbelwa akafungua mdomo. Akamgeukia mama yake. Mama alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa amesimama na kitenge chake kipya, anamtazama mwanawe, anasubiri ajibu.

Mbelwa akaingia migombani kuitafuta ile bolti.

Funzo: Jambo likienda vizuri huku wewe hukujua kama lingeenda vizuri, hiyo ni bahati, si ufundi, na bahati yako usimpakie mtu mwingine.